Kitawi cha Kuibwa

"Kofia lazima ifunike masikio," alisema Visitación. "Wakiyaona masikio yako, tumekwisha."

Fuensanta aliivuta ile kofia ya ukindu mpaka ikakaa juu ya miwani ya jua. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, fundi wa kushona magauni, mtu ambaye hajawahi kuokota hata chungwa lililoangukia nje ya ukuta wa watu. Na sasa alikuwa amesimama katikati ya ua wa mama yake, kati ya vyungu vya buluu na kuta zilizopakwa chokaa upya, amevaa kaptula ya mpwa wake na soksi nyeupe ndani ya sandali, huku mgongoni amebeba mfuko. Alikuwa anakwenda kuiba katika nyumba ya mbele.

"Mama, soksi za nini na jua hili?"

"Ndivyo wanavyovaa watalii."

"Si wote."

"Wale wasioshukiwa wanavaa soksi. Mimi nimekaa mlangoni hapa kila Mei, nyua zinapofunguliwa kwa watalii, tangu hujazaliwa. Macho yamekwisha, lakini kabla hayajaisha yaliona soksi za kutosha." Mama mtu alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, blanketi magotini ingawa joto lilikuwa limeshapanda. "Na usiseme neno. Ukiulizwa kitu, sema 'ooo'. Wao husema 'ooo' siku nzima, kuanzia ule Msikiti wa kale mpaka darajani."

Habari ya masikio ilikuwa hivi. Fuensanta akisema uongo, au akitaka kusema uongo, au hata akiwaza tu habari ya uongo, masikio yake huiva yakawa mekundu kama nyanya. Hilo mtaa mzima wa San Basilio unalijua. Alipokuwa mdogo, padri alikuwa akimtazama masikio kwanza ndipo amuulize dhambi zake.

Na kitu chenyewe cha kuiba kilikuwa kitawi cha jeraniamu, urefu wa kidole.

Si jeraniamu hizi za sokoni. Hii ilikuwa ya kuning'inia, na maua yake yalikuwa mekundu yaliyokolea mno, hata kivulini ungeapa ni meusi. Hapakuwa na aina nyingine kama hiyo mjini Córdoba. Mama wa Visitación, bibi yake Fuensanta, aliiba kitawi cha kwanza ujanani kwenye nyumba ya watawa, akakificha ndani ya kitabu cha sala, na tangu hapo jeraniamu nyeusi ilining'inia juu ya kisima cha nyumba hii. Lakini wakati wa baridi uliopita, yule kipepeo mdogo wa kahawia ambaye viwavi wake hutoboa mashina ya jeraniamu alipita mtaani. Fuensanta alipokishusha chungu ili akitazame, shina lilikuwa tupu ndani kama mrija. Visitación, ambaye hakuwa akiona tena isipokuwa mwanga na kivuli, alilipapasa lile shina toka juu hadi chini, akalivunja mara mbili, kisha akaomba apelekwe kulala mchana kweupe.

Ile ya watawa ilishakufa zamani; ilibaki jeraniamu nyeusi moja tu duniani, nayo ilikuwa ng'ambo ya barabara, uani kwa Custodia. Na Custodia alikuwa anahama. Nyumba ilikuwa imeshauzwa; Jumapili ya mwisho ya maonyesho ya nyua, baada ya mtalii wa mwisho kutoka, angekabidhi funguo na kwenda kuishi kwa bintiye huko Málaga, katika fleti ya ghorofa ya nne. Aliyenunua alikuwa na mpango wa vyumba vya wageni, na bwawa dogo la kuogelea palepale penye kisima.

Mgeni angeuliza: si uvuke tu barabara ukaombe?

Lakini kitawi hakiombwi. Katika mji ule hata mtoto anajua kwamba kitawi cha kupewa hunyauka, na cha kununuliwa hushika kwa shingo upande. Kinachochipua vizuri ni cha kuibwa. Ndiyo maana wanawake wenye heshima zao, wanaoshika njia ya kanisa kila Jumapili, hutembea na mkasi mdogo kwenye mkoba, na mwenyeji mwenye adabu, akiona mgeni anaukaribia sana ukuta, hujitia hamnazo na kutazama mawingu.

Halafu kulikuwa na ule ugomvi. Custodia na Visitación walikuwa watu wa kula sahani moja. Custodia ndiye aliyemshika Fuensanta siku ya ubatizo. Kama ilivyo desturi, aliiba kitawi cha ile nyeusi kwa rafiki yake, Visitación akatazama mawingu, na hakuna aliyekasirika. Kisha jeraniamu ikakua, Custodia akashinda nayo zawadi ya kwanza ya nyua, na majaji walipomuuliza ua zuri hivi limetoka wapi, akawajibu kwamba limetoka kwa bibi yake mzaa mama.

Visitación alikuwa amesimama nyuma ya jaji wa tatu.

Kuiba si neno. Kukana kwamba uliiba, hilo halisameheki. Tangu siku hiyo wanawake wale wawili walifagia vizingiti vyao vilivyotazamana bila kupeana hata salamu, wakazeeka hivyo, Fuensanta akaota mvi kati yao.

"Ikipotea hii," alisema Visitación, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile sauti yake haikuwa na mzaha, "mama yangu atakuwa ameyapita malango ya watawa bure. Nenda, mwanangu. Foleni imeshafika kwa Custodia, naisikia."

*

Fuensanta alijipenyeza katika kundi la Waholanzi lililotoka Msikitini likiwa na mwongozaji mnene mwenye mwavuli wa njano. Alijikunja nyuma ya mama mmoja mrefu kama mlingoti. Harufu ya machungwa, ya chokaa, ya konokono wanaochemshwa pamoja na mnanaa ilitoka ndani. Ilikuwa harufu ya utotoni mwake, na hakuwa ameisikia kwa karibu hivi tangu akiwa msichana.

Custodia alikuwa amesimama kando ya kisima, amevaa aproni safi, mkononi ameshika ule mwanzi mrefu wenye kopo nchani wa kumwagilia vyungu vya juu. Alikuwa ameuegemea kama mkuki.

"Karibuni, karibuni," alimwambia mwongozaji. "Waambie wasiguse, wasikate, na wasiulize bei ya nyumba. Imeshauzwa."

Macho yake yakawapitia watu mmoja mmoja. Yakafika kwenye soksi za Fuensanta, yakasimama hapo kidogo, yakapanda kwenye kaptula, yakapanda kwenye kofia, kisha yakaendelea na safari yake kama kwamba hayakuona kitu.

"Na huyu mwenye kofia kubwa, anatoka wapi?"

Mwongozaji alimtazama Fuensanta kwa mshangao, kama mtu aliyekuta kiatu cha tatu ndani ya sanduku lake.

"Ooo," alisema Fuensanta.

"Aa, wa huko," alisema Custodia akitingisha kichwa kwa huruma. "Maskini. Kwao baridi kali, hata maneno huganda mdomoni. Haya, kisima hiki. Waambie ni cha enzi za Waarabu."

Mwongozaji akatafsiri. Waholanzi wakapiga picha.

"Alikichimba marehemu mume wangu, lakini ukisema Waarabu wanapiga picha zaidi. Hilo usilitafsiri." Akageuka, akanyoosha mwanzi juu, kopo likagonga chungu kimoja kilichoning'inia peke yake ukutani. "Na ile pale. Nyeusi."

Fuensanta aliinua uso. Ilikuwa nzuri kuliko alivyoikumbuka. Matawi yake yalishuka ukutani kama nywele za mtu aliyetoka kuoga.

"Kila mwaka nawaambia watu kwamba imetoka kwa bibi yangu mzaa mama," alisema Custodia. Hakumwangalia mtu. "Niliwaambia hata majaji. Bibi yangu mzaa mama, Mungu amrehemu, alikuwa akifuga mbuzi. Ua lolote lililomsogelea liliishia tumboni mwa mbuzi. Sasa mimi naondoka, na sitaki kwenda Málaga na uongo kwenye mizigo, mabegi yenyewe yameshajaa. Waambie niliiba."

"Uliiba, bibi?"

"Niliiba, ndiyo, umesikia vizuri. Hapo mbele, kwa mwanamke mmoja mkaidi kama nyumbu, ambaye supu yake baridi ya nyanya, salmorejo yake, imejaa kitunguu saumu mpaka paka wanahama mtaa. Ana binti pia. Huyo nilimshika mimi mwenyewe kwenye maji ya ubatizo, akanikojolea gauni jipya. Jeraniamu ni ya yule mkaidi. Ya mama yake. Waambie hivyo hivyo."

Mwongozaji akatafsiri, akaongeza na maelezo yake kuhusu desturi ya pale ya kuibiana vitawi. Waholanzi walisema "ooo" kwa kicho kikubwa. Nyuma ya miwani ya jua macho ya Fuensanta yalikuwa yamejaa maji, na chini ya kofia masikio yalikuwa yakiwaka, ingawa safari hii hakujua yanawakia nini.

"Sasa mniwie radhi," alisema Custodia kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika. "Nina konokono jikoni, mchuzi unataka kumwagika. Nitachelewa. Nitachelewa sana. Na mtu asiiguse ile nyeusi."

Akageuza mgongo wake mpana, akaingia ndani akiimba. Sauti ikatoka jikoni, kisha ikazidi kwenda mbali, na mbali zaidi, hata ukadhani jiko la Custodia liko mji mwingine.

Fuensanta alitoa mkasi wake wa kutarizi. Alichagua tawi changa lisilo na ua, akakata chini ya kifundo kama mama yake alivyomfundisha, akakifunga kitawi kwenye leso yenye maji. Kazi ilikuwa imekwisha. Alikuwa mwizi. Aligeuka aondoke, na hapo akakutana uso kwa uso na yule mama mrefu wa Kiholanzi.

Yule mama alimtabasamia. Alikuwa ameelewa. Ameambiwa sasa hivi kwamba watu wa hapa huiba vitawi, mwenye nyumba amejiondoa kwa heshima zote, na mgeni wa kwanza amekata chake. Basi bila shaka hii ni sehemu ya matembezi, na kiingilio hakitozwi. Akafungua mkoba, akatoa kikatio cha kucha, akakata kitawi chake. Mumewe hakuwa na kikatio, akavunja kwa mkono. Nyuma yake wawili wengine wakasogea. Mzee mmoja mwenye fimbo alikuwa ameshalishika tawi kubwa kuliko yote na kulivuta kama mtu anayevuta kamba ya kengele, na chungu kikaanza kuinama kwenye msumari wake.

"Weee!" alipiga kelele Fuensanta. "Toa mkono hapo! Mzee mzima, huna haya? Unararua ganda hivyo, nani amekulea wewe? Na wewe mama, hicho ni kikatio cha kucha, una wazimu, unataka kuutia mmea ugonjwa wa miguu yako? Rudini nyuma! Nyuma, nimesema, wote, kabla sijawamwagia maji!"

Alikuwa ameshaunyakua ule mwanzi na anaupunga. Kopo likapiga kofia, kofia ikaruka, ikaangukia ndani ya beseni la maji. Waholanzi waliganda. Mwongozaji aliushusha mwavuli wake polepole.

"Bibi," alisema, "kumbe unajua Kihispania?"

"Tena cha San Basilio," alisema Custodia mlangoni. Alikuwa amerudi upesi mno kwa mtu aliyekuwa mbali kiasi kile. "Ameingia hapa bubu. Maji ya kisima changu yana baraka."

Fuensanta alitamani ardhi ipasuke. Lakini mzee wa fimbo alikuwa bado ameshika tawi lake, na yule mama ameshakitia chake ndani ya chupa, na jeraniamu ilikuwa na vidonda vyeupe pande zote. Hakuweza kuvumilia. Akaifungua leso, akakiweka kitawi chake juu ya ukingo wa kisima, mbele ya watu wote.

"Waambie warudishe," alimwambia mwongozaji. "Mimi nimeanza, na mimi narudisha wa kwanza. Huu mmea ni mmoja tu. Wakikata wote utakufa."

Mwongozaji akatafsiri kwa sauti ya chini. Mmoja mmoja, kwa aibu, Waholanzi wakaja kuweka vitawi kwenye ukingo wa kisima, kama watu wanaotoa sadaka kanisani. Mzee wa fimbo akavua kofia yake kabisa.

Custodia alimsogelea Fuensanta, akamshika kidevu, akamgeuza kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Masikio haya nimeyabatiza mimi," alisema. "Ningeyajua hata gizani; yanatoa mwanga. Na kofia ile ulivyoivuta chini! Nani amekuvalisha, mama yako?"

"Ndiyo, Mama Custodia."

"Na soksi?"

"Na soksi."

Custodia alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akafuta macho kwa ncha ya aproni, akakichagua kitawi cha Fuensanta kutoka kwenye fungu, akamnyooshea.

"Chukua, mwanangu. Mpelekee."

Fuensanta aliruka nyuma kama amenyooshewa kaa la moto. "Usinipe!"

"Nini?"

"Ukinipa kitakufa!"

Custodia aliurudisha mkono wake kwa kasi, akakitazama kile kitawi kana kwamba kimekaribia kumfia vidoleni. "Mungu wangu. Nisamehe. Uzee huu."

Wakasimama. Hapakuwa na la kufanya. Mmoja alikuwa na kitawi na hawezi kukitoa, mwingine anakitaka na hawezi kukipokea, na Waholanzi walikuwa wakiwatazama wote wawili kwa makini sana wasije wakapitwa tena na desturi nyingine.

"Basi," alisema Custodia hatimaye, kwa sauti ile ile ya juu, "hiki nitakiweka hapa dirishani, karibu na mlango. Ni changu. Sikitoi kwa mtu. Sasa nawaonyesha wageni hawa mchungwa wangu, ambao uko kule mwisho kabisa, na tutautazama kwa muda."

Akawageuza Waholanzi wote kuelekea mchungwa, akaunyoosha na mwavuli wa mwongozaji uelekee huko huko. Fuensanta alipita dirishani. Mkono ukaenda wenyewe. Alikuwa ameshavuka kizingiti, yuko katikati ya barabara, soksi zimemshuka, ndipo sauti ikalipuka nyuma yake, sauti ya mwanamke mzee anayefurahi kupita kiasi:

"Mwizi! Mshikeni! Ameniibia mchana kweupe! Mwizi wa maua, majirani, mwizi!"

Madirisha yalifunguka mtaa mzima. Watu katika foleni waligeuka. Fuensanta alikimbia, leso kifuani, akaingia kwao na kuufunga mlango kwa mgongo.

*

"Amekupa?" aliuliza Visitación kabla hata bintiye hajapumua.

"Hajanipa, Mama. Ameniita mwizi."

"Nimesikia. Sauti yake bado nzima." Alinyoosha mkono. Vidole vyake vikakipapasa kitawi, vikahesabu vifundo, kisha akakinusa. "Lete chungu. Kile kidogo, cha mama yangu."

Alipanda mwenyewe. Aliyang'oa majani ya chini, akakisimamisha kitawi kwenye udongo wenye mchanga, akakikandamiza kwa vidole gumba viwili. Fuensanta alikuwa akisimulia, na alipofika kwenye maneno ya Custodia mbele ya Waholanzi, vile vidole vilisimama.

"Rudia."

"Alisema aliiba kwako. Alisema ni ya mama yako."

"Kabla ya hapo."

"Alisema wewe ni mkaidi kama nyumbu."

"Na ile ya kitunguu saumu."

"Kwamba paka wanahama mtaa."

"Muongo mkubwa," alisema Visitación, na pembe za mdomo wake zilikuwa zikicheza. "Salmorejo yangu haijawahi kumhamisha hata panya." Akafukia udongo kidogo. "Kulikuwa na watu wengi?"

"Kundi zima, Mama."

"Na yule wa mwavuli alitafsiri?"

"Neno kwa neno."

"Basi hata Uholanzi wanajua," alisema Visitación. Akakikumbatia chungu kwa mikono yote miwili. Halafu, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa: "Málaga kuna asumini?"

"Mama! Málaga yote inanuka asumini. Wanaziuza mpaka barabarani, wamezifunga kama mipira."

"Si kama yangu."

"Si kama yako."

"Dirisha la chumba chake liko hapo mbele. Miaka yote hii amekuwa akilala na harufu ya asumini yangu, na hajawahi kushukuru." "Jumapili, usiufunge mlango mapema."

*

Jumapili hiyo ya mwisho foleni zilikuwa ndefu kila mahali. Fuensanta alikuwa mlangoni, akiingiza watu kwa makundi, alipoiona kofia yake mwenyewe. Ilikuwa imepinda upande mmoja kwa kulowa, na ilikuwa inakuja kwenye foleni taratibu, nyuma ya familia moja ya kutoka Seville. Chini ya kofia kulikuwa na miwani ya jua ya mwanamume. Chini kabisa, ndani ya sandali, kulikuwa na soksi nyeupe.

Ng'ambo ya barabara, Custodia alikuwa ameweka kiti mlangoni kwake kuzuia watu, na mwenyewe hakuonekana.

"Ooo," ilisema kofia ilipofika mlangoni.

"Karibu, mgeni," alisema Fuensanta, akiuma midomo asicheke.

Visitación alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu chini ya asumini, kando yake kile chungu kidogo. Kitawi kilikuwa wima. Hakikuwa na jani jipya bado, lakini hakikuwa kimenyauka, na kila asubuhi Visitación alikuwa akikigusa kwa ncha ya kidole kuhakikisha kwamba bado hakijalegea. Alisikia hatua. Ni hatua alizozisikia ng'ambo ya barabara kila siku kwa miaka mingi, moja nzito na moja ya kuburuta.

"Mgeni anatoka wapi?" aliuliza.

"Ooo."

"Aa, mbali huko. Karibu. Mimi ni kipofu, utanisamehe, sioni mtu wala kitu. Hapa zamani palikuwa na jirani mbele, mwanamke mmoja mwenye maringo, kichwa kikubwa, mnene wa nyuma. Anahama leo. Mtaa utakuwa na nafasi zaidi."

Kofia ilitikisika.

"Fuensanta!" aliita Visitación. "Nigeuze nitazame ukuta. Nataka kutazama ukuta wangu."

"Mama, si umesema wewe huoni?"

"Nigeuze, mtoto mbishi wewe."

Fuensanta alimgeuza. Familia ya Seville, ambao hawakuhitaji kutafsiriwa jambo kama hili, walianza wote kutazama mawingu, baba, mama na watoto, ingawa siku ile angani hapakuwa na wingu hata moja. Tone la maji lilianguka kutoka chungu cha juu. Kisha ukasikika mkasi ukifunguka, ukitafuta tafuta kati ya majani, ukasimama, ukatafuta tena.

Visitación alikuwa amekaa wima, uso ukutani, mikono ameikamata magotini. Mkasi uliuma mahali fulani. Ulikuwa mlio mgumu, wa mti mkavu. Alivumilia. Mkasi ukauma tena, palepale.

"Hilo ni tawi zee!" alilipuka. "Halishiki hilo hata uliibe mara mia! Chukua la kijani, chini ya kifundo. Maisha yako yote unakata vibaya!"

"Kifundo kipi?" ilisema kofia kwa Kihispania safi cha San Basilio. "Huku juu kuna vifundo vingi, na kwa miwani hii ya marehemu sioni kitu!"

Visitación aliugeuza uso wake kutoka ukutani.

"Lete hapa nikuonyeshe," alisema Visitación, akinyoosha mkono.

"Ukinionyesha ni sawa na kunipa."

"Basi niache nikikate mimi, halafu uninyang'anye."

Fuensanta alimgeuza mama yake tena. Visitación aliinua mikono kwenye asumini, vidole vikapanda kwenye shina, vikapita matawi mazee, vikachagua kitawi kimoja chembamba, cha kijani. Custodia akamtia mkasi mkononi. Akakata. Na mara Custodia akakidaka kile kitawi akavuta. Lakini Visitación hakukiachia. Wakawa wamekishika wote wawili, mmoja ameketi, mwingine amesimama, kofia imemwangukia mgongoni, na hakuna aliyekuwa akivuta kwa nguvu.

"Achia, shoga," alisema Custodia. "Basi langu linaondoka jioni."

"Ninyang'anye vizuri," alisema Visitación. "Unanyang'anya kama mtu mwenye haya."

Fuensanta aliwatoa watu wa Seville kwa ishara ya vidole, akatoka nao hadi mlangoni. Nje foleni ilikuwa imefika kwenye kona, na wa mbele, watu wa mtaa, wakamuuliza kama wanaweza kuingia.

"Subirini kidogo," aliwaambia. "Ndani kuna wizi."

Wakamtazama masikio. Yalikuwa meupe kama ukuta.